Senta wa Futi Sita na Inchi Tano

Caney Bottom, Kentucky
28 Novemba 1983

Mpendwa Arvil,

Hapa hatujambo, ila goti la Mama, ambalo linajua hali ya hewa kabla ya redio, wiki hii halijamwacha alale. Anakusalimu na anauliza kama mkeo Wilma bado anakohoa. Ijumaa baada ya sikukuu ya Shukrani tulichinja nguruwe. Hershel na wanawe walikuja kusaidia, wakafanya kazi kidogo na kupiga domo mpaka jua likazama. Nimekuwekea soseji kwenye friza. Ukija Krismasi utazikuta, usipokuja nitazila.

Saluni inakwenda. Tangu mume wangu Cloyd afariki nimeona afadhali mikono iwe na shughuli, na wanawake wa bonde hili wamejaliwa nywele.

Sasa tuje kwenye mpira wa kikapu. Jumamosi tulikwenda Chuo cha Laurel Fork kumwona mwanangu akicheza, magari saba kutoka hapa. Walishinda kwa pointi tisa. Nilinunua kile kijitabu cha mchezo nikamsomea Mama: "Garlin Slone, senta, mwaka wa tatu, futi sita na inchi saba." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Hizo inchi mbili kaziokota njiani?" Garlin ana futi sita na inchi tano, tena akiwa amevaa viatu. Lile jitu lililokuwa likimlalia mgongoni Jumamosi lilikuwa na futi sita na inchi kumi na moja bila msaada wa kijitabu.

Huku mjadala umewaka. Pale gereji kwa Hershel hakuna gari linalotengenezwa. Nusu yao wanasema Garlin aachwe hapo hapo chini ya kikapu. Nusu wanasema asogezwe nje acheze fowadi, awe anatazama kikapu badala ya kukipa mgongo, maana ana mkono laini na jicho la kumwona mwenzake aliye peke yake. Mimi niko na hawa wa pili. Kumweka senta mtu wa kimo kile ni kuzuia lori kwa mlango wa banda la kuku.

Ninyi huko mnasemaje? Najua mnasikiliza.

Dada yako,
Oleta


Ypsilanti, Michigan
9 Desemba 1983

Dada Oleta,

Barua yako ilifika Jumanne. Wilma amepona, kikohozi kamrithisha binti yetu. Kiwandani wamenirudisha zamu ya asubuhi, na bado nafunga milango ya kushoto. Ukiona gari jipya ambalo mlango wake wa kulia unagonga, si langu. Kuhusu Krismasi nitakujulisha. Mwambie Mama asizishike soseji zangu.

Tunasikiliza, tena sana. Stesheni ya huko nyumbani huku haishiki ndani ya nyumba. Inashika kwenye gari, na inashika vizuri zaidi pale maegesho ya kanisa letu, maana ni juu kidogo. Jua likizama tunakutana hapo, magari manane au tisa, wote watu wa milimani kwetu, vioo vimeshushwa hata theluji ikianguka, kila redio iko kwenye stesheni moja. Sauti ikififia kwa huyu inasikika kwa yule, nasi tunakimbizana kutoka gari hadi gari. Mchungaji anadhani tuna wazimu, lakini kaacha taa ya nje ikiwaka.

Mjadala wenu umefika mpaka huku, sijui nani kauleta. Sikia walivyokuwa juzi. Estill Noble, yule wa Caney ya juu, alianza: "Garlin ni senta. Kazaliwa senta."

Bige Collett akamjibu, "Kazaliwa mfupi."

"Bige, wewe kikapu chenyewe hukioni bila ngazi."

"Sihitaji kukiona. Ninachosema mimi, aanzie benchi. Aingie yale majitu yakishachoka, ayakimbize mpaka yatapike."

"Benchi! Mtoto wa Cloyd Slone akae benchi!"

"Benchi si jela, Estill."

"Kwako wewe ni nyumbani, ndiyo maana."

Estill alitoka kwenye gari la Bige akaubamiza mlango, kisha ikabidi arudi kwa aibu, kwa sababu redio ya Bige ndiyo iliyokuwa inashika.

Nikueleze msimamo wangu. Nakuheshimu, Dada, lakini hapa umepotea njia. Muache mtoto ndani. Huku tunafanya kazi chini ya wasimamizi wanaotuita washamba wa mlimani na wanaotuiga tunavyoongea. Mtangazaji anaposema Garlin kaupokonya mpira mikononi mwa jitu, tunapiga honi sote kwa pamoja mpaka madirisha ya kanisa yanatetemeka. Ukimpeleka nje atakuwa fowadi mmoja kati ya mafowadi mia. Pale ndani hakuna mwingine kama yeye.

Na tangu lini wewe umekuwa kocha?

Mdogo wako,
Arvil


Caney Bottom
17 Desemba 1983

Arvil,

Theluji imefika kwenye ngazi. Mama hajambo, anashona kwilti ya viraka ya kumfunika binti yako na anataka kujua kama bado anapenda rangi ya njano. Jibu hilo kwanza ukiandika, maana atauliza.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Sasa nisikilize, na ukishasoma hii itie kwenye jiko.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Novemba, Garlin alipokuja nyumbani, nilimkuta amekaa kitandani na viatu mkononi. Nikamwuliza anangoja nini. Akasema, "Mama, nifunge kamba." Nilidhani ananitania. Hawezi kuinama, Arvil. Mguu wa kulia unakufa ganzi kutoka nyonga hadi kidole gumba na unabaki hivyo nusu ya asubuhi. Nilipiga magoti nikamfunga viatu mtu wa miaka ishirini anayeziba mlango mzima. Mimi nalia, yeye anatazama dari.

Kocha hajui. Ufadhili wake wa masomo unatiwa saini upya kila mwaka, na kuna kijana wa futi saba kutoka Ohio ambaye Kocha Prather anamfukuzia tangu kiangazi. Garlin anasema kocha akilisikia neno mgongo, saini hiyo itakwenda Ohio. Aliniapisha nisimwambie mtu. Nimekuambia wewe kwa sababu nimefika mahali siwezi peke yangu, na ninajua nilichofanya.

Uliuliza nani kauleta mjadala. Niliuanzisha mimi. Nikimwosha nywele mke wa Hershel, namwambia, "Hivi umeuona mkono wa Garlin akirusha kwa mbali?" Jioni anampelekea mumewe, na kesho yake Hershel anasimama gerejini anasema ni wazo lake. Nimefanya hivyo kwa kila kichwa kinachoingia hapa, na nusu ya kaunti imeshakolea. Nataka mashabiki wamchoshe Prather mpaka amtoe mtoto kule ndani, naye aamini anatafuta ushindi tu. Akicheza akiutazama mchezo hakuna wa kumlalia mgongoni.

Kocha ana kipindi redioni kila Jumatatu jioni, kutoka ule mkahawa ulio karibu na chuo. Watu wanapiga simu. Piga. Sema fowadi, shukuru, kata. Mgongo usiutaje, si kwa Wilma, si kwa Estill, wala kwa mtu yeyote.

Oleta


Ypsilanti
30 Desemba 1983

Dada Oleta,

Ndiyo, bado anapenda njano.

Samahani kwa Krismasi. Ile baridi uliisikia, barabara za Ohio zilikuwa kioo kitupu cha barafu na betri ya gari ilikufa mara mbili. Keki ya tufaha ilifika ikiwa nzima, Wilma akaificha, watoto wakaiona. Mmekula soseji zangu, najua.

Kuhusu lile jambo lingine, mkumbuke Baba. Alichimba makaa akiwa amepinda maisha yake yote na sikumsikia hata siku moja akiomba asogezwe. Kila mtu hapa kiwandani anaumwa mgongo. Labda ni wa ujana na utapita. Unajua jinsi akina mama wanavyoona mambo.

Nilijaribu kuwapima wale wa maegesho kwa kuzunguka, bila kutaja chochote. Estill akasema atakayepiga simu kumwondoa Garlin ndani asirudi pale na gari lake. Bige akasema yeye atapiga, ila atasema benchi.

Kwa hiyo nitapiga mimi. Sikubaliani na neno hata moja nitakalosema, lakini wewe ndiye umeniomba. Subiri Jumatatu ya tarehe tisa.

Arvil


Caney Bottom
13 Januari 1984

Arvil,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Salamu zimeisha.

Jumatatu sebule yangu ilijaa. Hershel alikuwepo na mkewe, dada zake, na Mama kwenye kiti chake sikio likiwa redioni. Mtangazaji aliposema, "Tunaye Arvil kutoka Michigan," Mama alipiga makofi. Na ulianza vizuri, sikatai.

"Kocha, mimi naona Slone angefaa zaidi fowadi."

"Ahsante, Arvil. Huko Michigan mnamwona kwa darubini?" Watu wa mkahawani wakacheka.

"Tunasikia kwa redio, Kocha."

"Basi Jumamosi umesikia akinyakua ribaundi kumi na mbili chini ya kikapu. Bwana, watu wanatoka kaunti tano kuja kumwona akibebana na majitu. Unataka nimtoe nje akatazame? Na mtoto mwenyewe anapenda. Miaka mitatu sijamsikia akilalamika."

Hapo nilikujua. Nilisema moyoni, Arvil, weka simu chini. Tangu ukiwa mdogo huwezi kuchekwa ukanyamaza.

"Hawezi kulalamika, Kocha! Hawezi hata kuinama kufunga viatu vyake, anafungwa na mama yake!"

Papo hapo likaja tangazo la chakula cha ng'ombe. Mke wa Hershel aligeuka akanitazama, na hakuna aliyemaliza kahawa yake.

Jumatano walicheza ugenini. Wanafunzi wa huko walikuja na kamba za viatu wamezifunga kwenye fimbo, mamia yao, wanazipunga na kuimba, "Ma-ma! Njoo um-fu-nge!" Senta wao aliambiwa pa kupiga. Alimtia kiwiko mgongoni, pale pale, mara tatu, na mwamuzi alikuwa anakagua taa za dari. Mara ya tatu Garlin aliangukia mikono na magoti kama mtoto mchanga. Akajiinua mwenyewe, akaenda benchi mwenyewe, akamkataza mtu kumshika.

Alipiga simu saa nne usiku. Alisema, "Nilikuambia wewe peke yako," akakata.

Sina la kukuandikia tena.

Oleta


Caney Bottom
30 Januari 1984

Arvil,

Nilisema sina la kukuandikia, na wewe ukanisadiki. Wiki mbili nzima hakuna kitu sandukuni ila matangazo ya mbegu. Mama ameniuliza sijui mara ngapi kama umekufa.

Kwilti imekwisha. Goti lake lina nafuu. Bomba la jikoni liliganda likapasuka, Hershel akalitengeneza bila kunisemesha. Timu imepoteza michezo minne kati ya mitano, na wanaume wanasema umeuza msimu kwa simu moja. Jina lako limekuwa kitenzi gerejini. Mtu akitoboa siri, wanasema "kaarvili". Baadhi yao sasa wanaapa kwamba tangu mwanzo walijua mtoto ana mgongo.

Kocha alimpeleka Garlin hospitali siku iliyofuata mchezo ule wa ugenini. Kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna kitu kimetoka mahali pake na kinakandamiza mshipa wa mguu. Amesimamishwa kucheza. Daktari alisema kama angeendelea kubebana na majitu hadi Machi, huenda mguu ule usingerudi. Si kwamba nakushukuru. Nakuandikia tu alichosema daktari.

Ufadhili, kocha amesema watauangalia msimu ukiisha. Kijana wa Ohio alikuja kutembelea chuo Jumamosi, wakamtembeza uwanjani wakati wa mapumziko na watu wakamshangilia. Garlin alikuwa benchi na suruali ya kawaida. Nilikuwa upande wa pili. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mwenye duka.

Hapigi simu. Nikipiga mimi, mwenzake wa chumbani anasema katoka, na ninamsikia anapumua nyuma yake. Nimemlea yule mtoto peke yangu tangu akiwa na miaka kumi na mbili, Arvil, na hakuwahi kunificha kitu. Sasa hata akiumwa sitaambiwa. Hilo ndilo linaloniua, si mpira.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Oleta


Ypsilanti
12 Februari 1984

Dada Oleta,

Sote tu wazima hapa. Mshukuru Mama kwa kwilti, mtoto haitoi mabegani hata mezani.

Nimeandika barua nne na kuzichana zote. Ya kwanza ilikuwa ya kujitetea. Nyingine sikumbuki, ila zote zilikuwa za uongo kwa namna moja au nyingine. Maegesho sikwenda tena. Estill alikuja mwenyewe nyumbani, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Hivi tulikuwa tunapigia honi kitu gani, Arvil?" Nilikuwa napiga honi kwa nguvu kuliko wote, na niliendelea hata baada ya wewe kuniambia. Naona aibu, na sijui namna nyingine ya kuisema.

Ijumaa iliyopita niliomba ruhusa, nikaendesha gari mpaka Laurel Fork. Sikukuambia kwa sababu ungenikataza, na ungekuwa na haki.

Mwenzake alinielekeza kwenye bwawa la kuogelea. Daktari kaagiza atembee ndani ya maji. Basi nikamkuta mwanao, ambaye hajui kuogelea, anatembea upande wa kina kifupi kwenda na kurudi, pamoja na wake wanane wa maprofesa, wamevaa kofia za maua. Maji yanawafika wao kifuani na yeye kiunoni. Nilisimama ukingoni na mabuti yangu ya kiwandani.

Aliniona, hakusimama. Akafika mwisho, akageuka. "Mjomba. Umekuja na redio?"

"Nimekuja na mdomo uleule, kwa bahati mbaya."

Hakucheka. Akaenda tena hadi mwisho na kurudi. "Mama kakutuma?"

"Mama yako haongei nami vizuri."

"Na mimi siongei naye."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Nilimwambia kosa ni langu, kwamba wewe ulinionya kwa maandishi. Akasema, "Lakini alikuambia." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hayo mengine ni maneno tu," akageuka kwenda zake. Bibi mmoja mwenye kofia ya zambarau akanikunjia uso kama vile nimekuja kumtukana mgonjwa.

Sasa nitakuambia kilichonitoka, na ukikasirika nitaelewa. Nilimwambia habari za saluni. Hukuniruhusu, lakini sikuona kitu kingine mfukoni. Nilisema, "Unadhani ule mjadala wa senta na fowadi ulitoka wapi? Unadhani Hershel ana mawazo? Mama yako kakaa miezi miwili anakiosha kichwa kimoja baada ya kingine, anawapandia maneno wanawake ili waume zao wamsumbue kocha, ili utolewe kule ndani bila mtu kujua unaumwa. Siri yako aliishika kwa mikono miwili. Aliiweka kwangu pale tu mikono ilipochoka, na mimi ndiye niliyeiangusha."

Akasimama katikati ya bwawa. Wale mabibi wakawa wanamzunguka.

"Gereji nzima?" akasema.

"Gereji nzima, na nusu ya kaunti."

"Hershel aliniandikia barua ya kurasa tatu kuhusu fowadi. Na michoro."

"Ni mama yako huyo. Yeye na shampuu."

Hapo akacheka, Oleta. Alicheka mpaka akashika ukingo kwa sababu mgongo ulimkamata, kisha akaweka uso kwenye mikono. Mara hii moja nilinyamaza.

Baadaye tulikula maharage kwenye bwalo lao, si mazuri kama yako. Akaniambia, "Mmenijadili kama punda mnadani, Mjomba. Senta, fowadi, benchi, mmebakiza kunifungua mdomo mhesabu meno. Na hakuna mmoja wenu aliyeniuliza, pamoja na Mama."

Nikasema, "Haya, nakuuliza mimi. Unataka ucheze wapi?"

Akafikiri. "Nataka kutembea. Nikishatembea nitawaambia."

Hakuniambia kama atakupigia simu. Sikumsukuma. Naandika haya nikiwa nimeketi ndani ya gari mbele ya nyumba yangu, redio imezimwa.

Arvil


Caney Bottom
26 Machi 1984

Mpendwa Arvil,

Mama anakusalimu, ameanza kupanda vitunguu kinyume cha amri yangu. Ua limeota nyasi. Mkwe wa Hershel kajifungua msichana, na Hershel ameshasema atacheza gadi.

Najua barua yako ina wiki sita. Niliikasirikia wiki mbili za kwanza kwa sababu ya ile habari ya saluni, maana sasa kila mwanamke akilaza kichwa kwenye sinki ananiambia, "Oleta, leo nipandie nini?" Lakini Jumatano ya baada ya barua yako simu ililia, na Garlin akasema, "Mama, hivi mke wa mchungaji naye ulimwosha akawa wa fowadi?" Nikasema yeye alikuwa mgumu, ilibidi nimpake rangi. Ndivyo tulivyoanza. Hatukugusa jambo lenyewe siku hiyo, wala iliyofuata.

Daktari alimruhusu dakika chache katika mchezo wa mwisho wa nyumbani. Prather alimtoa benchi yale majitu yakiwa yameshika viuno, akamsimamisha kwenye mstari wa mitupo ya adhabu akitazama kikapu. Alicheza dakika sita. Hakunyakua ribaundi hata moja. Alitoa pasi nne ambazo watu hawakuziona mpaka mpira ulipokuwa wavuni. Mwambie Bige alikuwa sahihi kuhusu benchi, ila mwambie mara moja tu.

Kipindi cha mwisho cha kocha nilikisikiliza peke yangu, sikutaka watu. Mpiga simu wa kwanza alikuwa Hershel. Nilishika kichwa, nikajua ni fowadi tena. Akasema, "Kocha, huyu mtoto wa Slone, mwakani utamtilia saini au hutamtilia?" Kocha akasema ni mapema. Wa pili akauliza hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mwanamke wa kaunti nyingine ambaye simfahamu. Estill Noble alipiga kutoka huko kwenu. Saa nzima, Arvil, hakuna aliyetaja mahali pa kucheza. Mwishowe Prather akasema, "Jamani, naombeni mtu mmoja aniulize habari za ulinzi." Hakumpata. Alhamisi akatia saini, kwa mwaka mmoja, awe anaingia kutoka benchi mgongo ukiruhusu. Yule wa Ohio amepata nafasi ya mwingine aliyemaliza.

Garlin yuko nyumbani kwa likizo ya wiki moja. Amelala kwenye kitanda chake, miguu nje ya godoro. Jana tulipotoka kanisani alikaa jikoni nilipokuwa natwanga viazi, akafunga mlango. Kisha akaanza kuniambia habari za mgongo wake, bila mimi kuuliza, tangu siku ya kwanza ulipouma hadi asubuhi ile ya viatu. Akaniambia daktari kasema nini mara ya mwisho, yale ambayo kocha hajayasikia. Akaniambia anachotaka yeye, kama ni kucheza, na kama ni kucheza, ni wapi, na kwa nini. Viazi vilipoa tukiwa bado tunaongea.

Najua unataka kujua. Na pale maegesho ya kanisa najua wote wataizunguka barua hii wakuulize kasemaje.

Hilo sikuandikii, Arvil.

Dada yako akupendaye,
Oleta